Shule Ndiyo Huchagua

Sikiliza vile Wakenya huongea matokeo ya mtihani yakitoka. Hakuna anayemuuliza mzazi, "Mtoto wako amechagua shule gani?" Swali ni moja tu: "Ameitwa wapi?" Ameitwa Mang'u. Ameitwa Kapsabet. Wa jirani ameitwa shule ya kutwa pale nyuma ya soko, na mamake hataki hiyo stori iguswe. Kwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo familia imejaza fomu, imebishana, imempigia mjomba simu ili amtafute mtu anayemjua mtu, na shughuli hiyo yote tumeiita kuchagua shule. Halafu majibu yakija, kitenzi kinageuka. Mtoto hajachagua. Ameitwa.

Mimi naona lugha hapo haijakosea. Mwaka 2025 mdogo wangu alikuwa Gredi ya 9 na ilibidi familia imtafutie shule, na kwa sababu mimi ndiye mwenye bando na muda, kazi ikaniangukia. Nilianza kwa kutafuta shule, nikaishia kusoma historia, kwa maana karibu kila jina lililotajwa pale nyumbani lilikuwa na umri mkubwa kuliko wa nyanya yangu, na hakuna aliyeweza kuniambia lilipata wapi hiyo sifa. Nilichokikuta ni kwamba nchi hii imekuwa na shule za bweni kwa zaidi ya miaka 100, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mzazi hakuwa mchaguzi. Shule ndiyo ilichagua, na ilikuwa na sababu zake.

Mtoto atolewe nyumbani

Tuanze na Maseno. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1906 na wamishonari wa Kianglikana wa CMS, mwanzilishi wake akiwa J. J. Willis, na lengo la mwanzo lilikuwa kusomesha wana wa machifu. Kwa nini walale huko? Umbali ni sababu ya kwanza, na ni sababu ya kweli. Hakukuwa na matatu ya kumrudisha mtu Yala jioni. Lakini wamishonari walikuwa na sababu ya pili na hawakuificha. Mtoto akirudi nyumbani kila jioni, anarudi kwenye ngoma, kwenye pombe ya kienyeji, kwenye matambiko, kwa baba mwenye wake watatu. Alichofundishwa asubuhi kinafutwa usiku. Dawa ilikuwa kumweka mbali na nyumbani kwa miezi, ili nyumbani pasipate nafasi ya kujibu.

Hiyo ndiyo mbegu ya bweni la Kikenya, na ningependa uishike wakati tunaendelea, maana hata leo utamsikia mzazi akisema mtoto apelekwe bweni "anyooke." Maneno ni mapya, wazo ni la zamani.

Machi 1, 1926, Alliance ilifunguliwa Kikuyu. Jina lenyewe linaeleza: ni muungano wa misheni za Kiprotestanti, kati yao Kanisa la Scotland, CMS, African Inland Mission na Wamethodisti, ambazo kila moja peke yake haikuwa na uwezo wa kuendesha shule ya upili. Wakatoliki nao hawakukaa wakitazama. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanzisha shule yao Kabaa, Ukambani, mwaka 1925, na baadaye wakaihamishia Mang'u, karibu na Thika. Kwa hivyo ukiangalia vizuri, ule ushindani wa Alliance na Mang'u ambao tunauona kila matokeo yakitangazwa ulianza kama ushindani wa makanisa.

Na hapo ndipo unaona "uchaguzi" wa wakati huo ulikuwa wa aina gani. Kama babako alibatizwa na Waskoti, njia yako ilielekea Kikuyu. Kama alibatizwa na mapadre, ilielekea Kabaa. Tom Mboya alipita Kabaa, St. Mary's Yala na Mang'u. Mwai Kibaki alisoma Mang'u. Jaramogi Oginga Odinga alisoma Maseno na Alliance. Wengi huwataja kama mifano ya watu walioenda shule nzuri, na ni kweli, lakini shule waliyoenda ilikuwa imeshaamuliwa kwa kiasi kikubwa na padre au mchungaji aliyefika kijijini kwanza. Na kama ulikuwa mtoto wa Kiislamu wa Lamu au Wajir? Wazazi wengi Waislamu waliogopa kwamba mtoto akiingia shule ya misheni atatoka na jina jipya, na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa sababu kubatiza ilikuwa sehemu ya kazi ya shule hizo.

Wasichana walisubiri. Shule ya upili ya wasichana Waafrika pale Kikuyu, ambayo leo ni Alliance Girls, ilianza mwaka 1948. Hiyo ni miaka 22 baada ya ile ya wavulana.

Halafu kulikuwa na shule ambazo Mwafrika hakuitwa kabisa. Prince of Wales ilihamia majengo yake ya Kabete mwaka 1931, na Duke of York ikafunguliwa mwaka 1949, zote za wavulana wa Kizungu. Leo tunaziita Nairobi School na Lenana. Kenya High ilikuwa ya mabinti wa Kizungu. Zilijengwa kwa mfano wa shule za matajiri wa Uingereza: mabweni yanayoshindana kama timu, viranja wenye mamlaka ya mfalme, mdogo anamtumikia mkubwa. Uhuru ulipokuja milango ilifunguliwa, majina yakabadilishwa, na mtindo ukabaki vile vile. Kama uliwahi kuwa mono katika shule ya bweni ya Kenya, ukafua soksi za kidato cha nne na kutoa mkate wako wa saa nne bila kuulizwa, mtindo huo unaujua bila mimi kukueleza. Mimi niliujua katika shule ya umbali wa saa sita kwa basi kutoka nyumbani. Nilikuwa na miaka 14. Hakuna mwalimu aliyewahi kuuliza soksi zile ni za nani.

Kuna kijana mmoja ambaye habari yake inaonyesha gharama ya mpango huu vizuri kuliko takwimu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto na kakake akiwa msituni na Mau Mau. Muhula wa kwanza ulipokwisha alirudi Limuru na sare yake, akakuta kijiji chao hakipo. Watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na nyumba kubomolewa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, alichapisha kitabu kizima kuhusu miaka hiyo ya Alliance. Ndani ya ua wa shule alikuwa salama, anasoma, anaimba nyimbo za kanisa. Nje ya ua watu wake walikuwa wanafungiwa. Shule ilimwita, ikamhifadhi, na ikamtenga, vyote kwa mkupuo mmoja.

Chujio

Kwa hesabu ya nafasi, lilikuwa chujio la ajabu. Wakati wa ukoloni mtoto wa Kiafrika alifanya mtihani wa kwanza wa mchujo baada ya darasa la nne, kisha ule wa KAPE baada ya darasa la nane. Mwaka wa uhuru, 1963, Kenya ilikuwa na shule za msingi zaidi ya 6,000 zenye watoto karibu 890,000. Shule za upili zilikuwa 151, na wanafunzi wake wote, nchi nzima, walikuwa kama 30,000. Gawanya mwenyewe. Kwa kila watoto 30 waliokuwa shule ya msingi, kulikuwa na mmoja sekondari.

Ukiwa na hesabu kama hiyo, neno kuchagua halina kazi. Mwalimu mkuu wa Alliance hakuhitaji kumvutia mzazi yeyote. Carey Francis, yule mwalimu wa hisabati kutoka Cambridge aliyeongoza Maseno kuanzia 1928 hadi 1940, kisha Alliance hadi 1962, alikuwa akipokea watoto waliokuwa wameshachujwa mara mbili. Halafu matokeo mazuri yakitoka, sifa inaenda kwa shule. Sisemi hawakufundisha vizuri, walifundisha. Nasema ukichukua watoto bora wa nchi nzima, ukawapa vitabu, chakula na taa ya kusomea, itakuwa vigumu sana kuwafelisha.

Kitu kimoja kuhusu Carey Francis hakitajwi sana: alipostaafu Alliance hakurudi Uingereza kupumzika. Alienda kufundisha Pumwani, Eastlands, kama mwalimu wa kawaida, na huko ndiko alikokuwa hadi alipokufa mwaka 1966.

Shule waliyoijenga wenyewe

Sasa kuna sehemu ya historia hii ambayo hatuisifu vya kutosha. Baada ya uhuru, wazazi waliochoka kusubiri watoto wao waitwe waliamua kujenga. Hizo ndizo shule za harambee. Watu walichanga pesa, kuku, mbuzi, mchanga, siku za kazi. Chifu alipiga baragumu, kamati ikakaa chini ya mti, na baada ya mwaka mmoja au miwili kukawa na vyumba viwili vya mabati na mwalimu ambaye hajahitimu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 shule za aina hii na za kibinafsi zilikuwa zimezipita zile za serikali kwa wingi.

Zilikuwa na shida zake, na wasomi wa elimu wameandika sana kuzihusu: maabara hakuna, vitabu hakuna, matokeo duni. Yote ni kweli. Lakini ndizo shule za kwanza katika nchi hii ambazo wazazi wa kawaida walizichagua kwa maana halisi ya neno, kwa sababu walichagua hadi mahali msingi utakapochimbwa. Nyingi zilianza kama shule za kutwa. Mtoto alisoma, jioni akarudi nyumbani, akakama ng'ombe.

Mathe alisoma shule kama hiyo. Alifanya KCPE mwishoni mwa miaka ya 1980, mtihani ulipokuwa bado wa alama 700, akaitwa shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa na jina kubwa mkoani. Barua ililetwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi mwenyewe, kwa baiskeli. Lakini huo ulikuwa wakati wa kugawana gharama: Ripoti ya Kamunge ya 1988 ilikuwa imependekeza wazazi wabebe mzigo zaidi wa elimu, na serikali ikakubali. Orodha ya vitu vya kununua ilikuwa ndefu kuliko barua. Babu aliuza alichoweza kuuza, hakikutosha, na Januari mathe akaanza kidato cha kwanza katika shule ya harambee ya kilomita tatu kutoka nyumbani. Barua ile bado anayo. Anaiweka pamoja na cheti cha ndoa.

Ndiyo maana mazungumzo ya shule hayawi mepesi kwetu. Sisi tulikuwa tunaongea kuhusu mdogo wangu. Mathe alikuwa pia anaongea kuhusu ile barua.

Ramani haikusawazishwa

Kila serikali imejaribu kulainisha chujio hili, na kila jaribio limeacha alama.

Mfumo wa 8-4-4 na KCPE ulianza mwaka 1985, na katika muongo huo huo ukaja mgao: shule za mkoa zichukue asilimia 85 ya wanafunzi wao kutoka eneo lao. Wazo lilikuwa haki kwa wenyeji. Matokeo yalikuwa kwamba mtoto wa eneo lenye shule nyingi za misheni alibaki na shule nyingi za kuchagua, na mtoto wa Tana River au Mandera akabaki na zile chache alizozaliwa karibu nazo. Waliopewa ruhusa ya kuvuka mipaka walikuwa wale wa shule za kitaifa, na hizo kwa miaka mingi zilikuwa 18 tu. Pwani haikuwa na hata moja. Kaskazini Mashariki haikuwa na hata moja. Chukua ramani ya vituo vya misheni na makazi ya walowezi, uilaze juu ya ramani ya shule hizo 18, na utaona ni kiasi gani zinafanana.

Kuanzia mwaka 2011 wizara ilianza kupandisha shule za mkoa ziwe za kitaifa, ili kila kaunti ipate, na idadi ikazidi 100. Nakumbuka wakati wangu, 2013, kila mtu darasani alikuwa na shule mpya ya kitaifa ya kuandika kwenye fomu. Bango la lango lilikuwa limepakwa rangi upya. Maabara ilikuwa ile ile. Wazazi hawakudanganyika, wakaanza kusema "zile za kitaifa za kweli," na kila Mkenya alijua zipi zinazungumziwa.

Upande wa pesa kulikuwa na mabadiliko makubwa zaidi ambayo hayakupewa heshima yake. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya shule ya upili ya kutwa, na kufikia 2018 ilikuwa inatoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mzazi wa bweni alibaki kulipia kitanda na chakula: kwa shule za kitaifa, karo rasmi ilikuwa shilingi 53,554. Rasmi, nimesema. Ongeza sanduku, godoro, blanketi, rimu za karatasi, na sare ambayo lazima inunuliwe duka lile moja. Kuna shule tuliyoipigia simu mwaka 2025, sitaitaja, ambayo kabla ya kutuambia inafundisha masomo gani ilitutumia orodha ya vitu 38, na kwenye orodha hiyo kulikuwa na kiti.

Kwa hivyo swali la haki ambalo mzazi wa leo angeuliza ni hili: sababu za kale za bweni ziko wapi sasa? Umbali? Kuna shule karibu kila kata. Kumtoa mtoto kwenye ushenzi wa nyumbani? Hakuna atakayelisema hilo kwa sauti. Zimebaki sababu mbili. Moja ni ya kweli na ni ya huzuni kidogo: katika nyumba ya chumba kimoja Kayole au Mathare, bweni ndilo dawati, taa na usingizi. Geoffrey Griffin na wenzake walielewa hilo mwaka 1959 walipoanza Starehe na vibanda viwili vya mabati kwa ajili ya watoto wa mtaani. Sababu ya pili ni jina. Watu wanalipia jina, na wale mtoto atakaokaa nao meza moja, ambao kesho watakuwa madaktari na makatibu wa wizara.

Na kuna gharama nyingine ambayo haiko kwenye orodha ya duka. Machi 2001, bweni la Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Septemba 2024, bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri, liliteketea na watoto 21 wakafa. Katikati ya miaka hiyo kumekuwa na mioto mingi mno, mingi ikiwashwa na wanafunzi wenyewe. Tangu 2008 kuna mwongozo wa wizara wa usalama shuleni. Unasema milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi isiyopungua mita 1.2. Ni sentensi rahisi, na ukizisoma ukikumbuka bweni ulilolala wewe, utanyamaza kidogo.

Gredi ya 9

Sasa tufike kwenye fomu yenyewe. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Chini ya Mtaala wa Umilisi, mtoto anamaliza Gredi ya 9, anafanya tathmini ya KJSEA, kisha anaingia sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12. Wa kwanza walifanya mwaka 2025. Alama ya kuwapanga ilikuwa na sehemu tatu: asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka kazi za shuleni, na asilimia 60 kutoka KJSEA yenyewe.

Lakini jambo jipya hasa ni kwamba kabla ya kutaja shule, mtoto alitakiwa ataje mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya mkondo, achague mseto wa masomo matatu. Baada ya hapo ndipo shule, na ni shule 12: tisa za bweni na tatu za kutwa. Zile za kitaifa zikaitwa C1, za chini yake C2, C3, mpaka C4. Majina ya kale yaliondolewa, ngazi zikabaki pale pale.

Hapa ndipo nyumbani kwetu palichemka. Mathe alitaka C1, na alikuwa na orodha kichwani: zote za kabla ya 1950. Mdogo wangu alitaka muziki. Anapiga kinanda kanisani, na si kwa mchezo. Watu humlipa kwenye harusi. Nikafungua orodha ya shule na masomo yake, na nikagundua kitu ambacho majirani wengi hawakuwa wamekitazama: mkondo wa sayansi uko kila shule, lakini wa sanaa na michezo uko katika shule chache, zile zenye mikondo yote mitatu, na hata huko si kila mseto unafundishwa. Baadhi ya majina makubwa ya mathe hayakuwa na mseto ambao mtoto alitaka. Kuchagua jina kulikuwa na maana ya kumbadilisha mtoto afanane na jina.

"Muziki atapiga likizo," mathe alisema. "Kwanza aitwe."

Mimi ninajua kuitwa. Niliitwa chuo kikuu kwa kozi ambayo ilikuwa ya tano kwenye orodha yangu, kwa sababu alama zangu zilitosha hapo, na nikakaa mwaka mmoja na nusu nikisoma udongo. Niliondoka, nikaanza kuandika, na ninalipa kodi yangu kwa kuandika. Sikumwambia mathe hayo, maana anayajua na hayapendi. Nilichofanya ni kutoa karatasi na kuandika maswali, tukakubaliana kwamba shule yoyote itakayoingia kwenye orodha, C1 ama C4, itaulizwa yale yale.

La kwanza: mseto wa mtoto uko, na mwalimu wake yuko, au mwalimu "anakuja"? La pili: karo yote kwa mwaka, pamoja na vitu visivyoandikwa kwenye karatasi ya karo? La tatu: Gredi ya 10 wanalala wapi, na nani analala nao? La nne: mtoto akiugua saa nane usiku, anapelekwa wapi na kwa gari gani? La tano: mara ngapi kwa muhula mzazi anaweza kumwona? Mathe aliongeza la sita mwenyewe, baada ya kufikiria: wanakula saa ngapi jioni, na wanakula nini?

Tulipiga simu shule tisa. Nne hazikushika. Tatu zilituambia tuangalie mtandaoni. Ile ya kiti ilitutumia orodha. Ya tisa ilikuwa C2, kaunti ya jirani, shule ya mchanganyiko yenye bweni ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Mama mmoja alishika, akasema yeye ni naibu mwalimu mkuu. Alijibu maswali yote sita, moja moja, bila haraka. Kisha akasema, "Huyo mtoto yuko karibu? Hebu nipe niongee naye." Akamuuliza anapiga ala gani, anasoma noti au anapiga kwa masikio, na kama angependa kufundishwa tarumbeta kwa sababu bendi yao ina upungufu. Shule ilianza kama harambee mwaka 1971, alituambia, na vyombo vya kwanza vya bendi vilinunuliwa na wazazi.

Mdogo wangu aliiandika ya kwanza. Mathe alikubali kwa masharti kwamba nafasi nyingine nne ziwe za majina yake, na hilo lilikuwa la haki. Kuna mantiki katika majina. Maktaba ya miaka 100 ni maktaba, na mtoto wa maskini aliyekaa meza moja na mtoto wa jaji amepata kitu ambacho sisi hatukuweza kumpa. Ila nilitaka mathe ayaone majina yale kama vitu vilivyotengenezwa na watu, kwa tarehe na kwa sababu, na yanayoweza kuulizwa maswali. Nilimsimulia habari za misheni, za Kabaa, za wale 18, jioni moja umeme ukiwa umepotea. Alisikiliza. Halafu akasema kumbe ile shule iliyomwita yeye ilijengwa na wamishonari kwa ajili ya wake za wachungaji, na kwamba hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Aliitwa ile ya kwanza. Januari nilimsindikiza na sanduku la bati, ndoo na kinanda kidogo. Nilikuwa nimebeba futikamba mfukoni. Wakati mdogo wangu akitandika, mimi nilipima nafasi kati ya kitanda chake na kinachofuata, matroni akinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Mlango ulifunguka kwa nje. Dirisha halikuwa na vyuma. Lakini kati ya vitanda kulikuwa na sentimita 95, na mwongozo unasema 120. Nilimwonyesha. Alihesabu vitanda vya chumba kizima kwa kidole, akasema viwili vikitolewa vingine vitaenea, akatoa kijitabu kwenye mfuko wa aproni na kuandika. Nilimwomba namba yake ya simu ili niulize wiki inayofuata, akanipa.